Historia ya kitanzi: kwa nini kebo ya ziada inaweza kuua mtandao mzima

Wiki hii tunaleta insha ya historia, ila sio ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya hitilafu moja ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye banda la kompyuta ameiona hata kama hajui jina lake. Taa zote za swichi zinawaka-waka kwa pamoja, haraka haraka, kama vile kuna kazi kubwa sana inafanyika humo ndani, na wakati huohuo hakuna hata ukurasa mmoja unaofunguka. Wengine wanasema bando limekwisha. Wengine wanasema ni mvua. Mara nyingi wala sio bando wala mvua. Ni ujumbe mdogo unaozunguka bila kufa, na hali hiyo tunaiita kitanzi.

Ili uelewe kitanzi fikiria uvumi wa hapa kambini. Mtu mmoja bombani anasema orodha ya kuhamia nchi ya tatu imetoka. Waliosikia wanaondoka, kila mmoja na ndoo yake, mmoja anaelekea zoni ya juu, mwingine zoni ya chini, mwingine sokoni. Jioni habari ileile inamrudia yule wa kwanza kupitia mdomo mwingine, naye anasema, kumbe ni kweli, hata kule juu wanasema hivyo! Anaanza kuitangaza upya. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeuliza habari imeanzia kwa nani. Ndani ya siku mbili watu hawazungumzi kitu kingine, na tangazo la kweli la mgao wa sabuni likija, halisikiki.

Swichi inafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Ni kisanduku kisicho na akili nyingi. Kinakumbuka anwani gani imetokea kwenye tundu gani, basi. Kikipata ujumbe wa mtu kisiyemjua, au ujumbe wa kwenda kwa wote, kinautoa kwenye matundu yote isipokuwa lile ulikoingilia. Sasa chukua swichi mbili, ziunganishe kwa kebo mbili badala ya moja. Ujumbe wa kwa wote unatoka swichi ya kwanza, unafika ya pili kwa kebo hii, unarudi kwa kebo ile, unatoka tena. Kila mzunguko unaacha nakala kwa kila kompyuta iliyopo. Kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde, ujumbe mdogo kabisa unaweza kupita zaidi ya mara 148,000 kwa sekunde moja. Hesabu mwenyewe dakika moja ni ngapi.

Mtu atauliza, kwani huo ujumbe hauchoki? Ujumbe wa intaneti unachoka. Unabeba namba, na kila ruta inayoupitisha inapunguza moja. Namba ikifika sifuri unatupwa. Lakini ujumbe wa Etheneti, huu unaotembea kati ya swichi na swichi ndani ya jengo, haukupewa namba hiyo. Etheneti ilianza mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox huko Kalifornia, mikononi mwa Bob Metcalfe na David Boggs. Kwao ilikuwa ni waya mmoja mrefu uliounganishwa mashine nyingi. Kwenye waya mmoja hakuna pa kuzunguka, sasa namba ya kuhesabu hatua ingekuwa ya nini? Hatuwezi kuwalaumu. Tatizo lilikuja baadaye, watu walipotaka njia mbili.

Na hapa ndipo penye jambo letu la leo. Watu wanatakaje njia mbili? Kwa sababu wana busara. Njia moja ikikatika unabaki gizani. Kitanzi hakizaliwi na uzembe peke yake; mara nyingi kinazaliwa na mtu aliyefikiria kesho.

Tukio la kwanza kubwa tunalolijua ni la tarehe 27 Oktoba 1980, kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani ambao intaneti ilitokea humo. Mtandao mzima ulisimama kwa saa kadhaa. Hapa hakukuwa na kebo iliyochomekwa vibaya. Kila mashine ya kupitisha ujumbe ilikuwa inatuma taarifa ya hali yake kwa wenzake wote, na kila taarifa ilikuwa na namba ya mfuatano ili mpya ijulikane na ya zamani itupwe. Namba zilianza 0 hadi 63, halafu zinarudi mwanzo kama saa ya ukutani. Siku hiyo kumbukumbu ya mashine ikaharibu namba, na zikatokea taarifa tatu za mashine namba 50: moja ina 8, nyingine 40, nyingine 44. Angalia sasa. 40 ni mpya kuliko 8. 44 ni mpya kuliko 40. Na kwa sababu baada ya 63 unaanza upya, 8 nayo inahesabika kuwa mpya kuliko 44! Kila taarifa ikaifukuza nyingine, mashine zote zikaacha kazi zao zikabaki kupokezana hizo tatu. Ukizima mashine moja na kuiwasha, jirani yake anaipa tena ugonjwa uleule. Mafundi walipata nafuu pale tu walipoziambia mashine zote zipuuze kila taarifa inayotoka namba 50. Eric Rosen, mmoja wa waliokuwa kwenye kazi hiyo, aliandika ripoti nzima, na mpaka leo iko wazi kwa kila anayetaka kuisoma. Tunaisifu sana ripoti hiyo kwa sababu inaeleza kasoro ya kanuni, haitafuti nani wa kufukuzwa.

Dada mmoja aliyejua vizuri shida za namna hiyo ni Radia Perlman. Alipohamia kampuni ya Digital Equipment Corporation, meneja wake akamletea swali: tunatengeneza madaraja ya kuunganisha Etheneti na Etheneti, wateja watataka njia za akiba, tuzuie vipi ujumbe usizunguke? Na meneja akaongeza sharti ambalo lilionekana haliwezekani, kwamba kumbukumbu inayohitajika kwenye kila kisanduku isiongezeke hata mtandao ukiwa mkubwa kiasi gani. Kwa masimulizi yake mwenyewe Perlman, jibu alilipata usiku uleule, akatumia siku mbili kuandika maelezo, na kwa kuwa meneja alikuwa likizo hapatikani, wiki iliyobaki akatunga shairi kuhusu kazi yake. Shairi hilo liko mwanzoni mwa makala aliyoitoa mwaka 1985. Wanaomwita Mama wa Intaneti wanamuudhi, amesema mara nyingi hapendi jina hilo.

Jibu lake ni rahisi mpaka unashangaa. Swichi zote zinachagua kiongozi mmoja. Anayechaguliwa ni mwenye namba ndogo kuliko wote. Hakuna kampeni wala wizi wa kura. Kisha kila swichi inauliza, njia yangu fupi ya kufika kwa kiongozi ni ipi? Hiyo inabaki wazi. Njia nyingine inayoelekea kulekule inalazwa. Haikatwi, inalala tu, huku masikio yake yako wazi. Kiongozi anatoa salamu kila baada ya sekunde 2. Salamu zikikosekana kwa muda, swichi zinahesabu kwamba njia imekufa, na iliyolala inaamshwa. Kwa hiyo mtandao wenye vitanzi unageuka kuwa kama mti, una shina na matawi, na tawi haliwezi kurudi kujishika lenyewe. Ukiona herufi STP kwenye mipangilio ya swichi, ndio kazi ya Perlman hiyo. Mwaka 1990 ikawa kanuni rasmi ya IEEE, na mwaka 2001 ikaja aina ya haraka zaidi, maana ile ya kwanza ilikuwa inachukua mpaka sekunde 50 kuamsha njia.

Tumefurahia sana hapo lakini tuseme na udhaifu wake. Mti huu unaishi kwa salamu. Ukimya unahesabika kama ruhusa. Swichi isiposikia salamu haisemi, labda salamu imepotea njiani. Inasema njia ile imekufa, naamsha hii. Kama njia ile haikufa, bali ilikuwa imejaa tu, sasa una njia mbili wazi na kitanzi kimerudi chenyewe.

Hilo ndilo lililoipata hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Jumatano tarehe 13 Novemba 2002. Mtafiti mmoja alikuwa anapitisha data nyingi mno kwenye mtandao wa hospitali. Mtandao wenyewe ulikuwa umekua kwa miaka mingi kwa kuunganisha kipande na kipande, mpaka sehemu fulani zikawa mbali kupita madaraja 7, ambacho ndicho kipimo ambacho kanuni ile ya zamani ilipangiwa. Njia zilipojaa, swichi zikaanza kuhesabu mti upya, hazikuelewana, vitanzi vikatokea, vikazidi kujaza njia, swichi zikahesabu tena. Mtandao unapona saa moja, unaanguka tena. Ikabidi hospitali irudi kwenye karatasi kwa siku kama nne. Madaktari vijana ambao hawakuwahi kuandika dawa kwa mkono wakafundishwa na wazee, na watu wakawa wanakimbia na karatasi za maabara kwenye korido. Sisi tunaoishi kwa karatasi, kadi na mihuri tunacheka kidogo hapo, lakini mgonjwa anayesubiri majibu ya damu hacheki.

Kilichotuvutia sana ni alichofanya mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka. Hakuficha. Alisimulia hadharani kilichotokea, na miongoni mwa mafunzo aliyotoa ni kwamba usimwachie mtu mmoja tu kuujua mtandao wako. Wafanyakazi wa mashirika, hii msiipite haraka.

Mpaka hapo tumeongea kebo. Mambo yanakuwa magumu zaidi njia ya pili inapokuwa ya redio, na kwetu huku njia ya pili karibu siku zote ni redio, kwa sababu kebo inakatwa na jembe, inatafunwa na panya, au mtaro wa maji unaifukua. Redio ina tabia mbili mbaya kwa mti wa Perlman. Kwanza, ujumbe wa kwenda kwa wote kwenye wifi haurudishiwi jibu la kuthibitisha umefika. Ukipotea umepotea, na salamu ya STP ni ujumbe wa aina hiyo. Antena ikitikiswa na upepo au tawi likikua mbele yake, salamu chache zinapotea na njia iliyolala inaamka bila sababu. Pili, ujumbe huo wa kwa wote unatumwa kwa mwendo wa polepole ili hata kifaa cha mbali kiusikie, kwa hiyo kitanzi kinachopita hewani kinakula hewa yote. Hata jirani asiye kwenye mtandao wako, kama yuko kwenye chaneli ileile, anaumia.

Waliohangaika na jambo hili kwa mikono yao ni vijana wa Freifunk, Berlin. Walikuwa wanaweka ruta za bei nafuu kwenye mapaa na madirisha ili zipokezane ujumbe zenyewe, paa kwa paa, mtindo unaoitwa meshi. Walianza na kanuni ya OLSR, iliyochapishwa mwaka 2003, ambayo inataka kila ruta iwe na ramani ya mtandao mzima. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini redio inabadilika kila dakika, ramani za ruta mbili zikitofautiana kidogo huyu anasema pitia kwake na yule anasema rudi kwa huyu, na tayari ni kitanzi. Wakatunga kanuni nyingine wakaiita B.A.T.M.A.N., na mwaka 2011 toleo lake lililoboreshwa likaingia ndani ya Linux yenyewe. Hii haina ramani. Kila ruta inapiga kelele, kwa kawaida mara moja kwa sekunde, ikisema "mimi nipo", pamoja na namba ya mfuatano. Majirani wanarudia. Wewe unachojua ni kimoja tu, kelele za fulani nazisikia vizuri zaidi kupitia jirani yupi. Ukitaka kumtumia, mpe jirani huyo. Ni kama kijijini, hujui njia yote ya kufika mjini, ila unajua uanzie kwa nani.

Tuseme pia kwamba mwaka 2015, wakimbizi wengi walipoingia Ujerumani, watu hao wa Freifunk walipeleka wifi kwenye makazi ya wakimbizi katika miji mingi. Kwa hiyo kanuni hii tunayoisimulia imeshawahi kubeba simu za wenzetu kwa mama zao.

Lakini meshi nayo ina upofu wake, na ndio chanzo cha insha hii. Inajua kuepuka vitanzi ndani ya redio zake. Haijui ulichofanya nje. Ukichukua visanduku viwili vya meshi vinavyosikilizana hewani, kisha ukaviunganisha pia kwa kebo kupitia swichi, umefunga duara ambalo nusu yake ni waya na nusu ni hewa. Meshi inaona nusu yake ni safi. Swichi inaona nusu yake ni safi. Duara lote hakuna anayeliona. Watu wa B.A.T.M.A.N. walikuja kuongeza kinga kwa hali hiyo: visanduku vilivyo kwenye waya mmoja vinatambuana, na kila kompyuta ya upande wa waya inadaiwa na kisanduku kimoja tu, wengine wanakaa kimya juu yake. Ila kinga hiyo inafanya kazi pale tu ikiwa imewashwa. Na visanduku vya kampuni nyingine vina kinga yao tofauti, au havina kabisa.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Banda letu la vijana na ofisi ya shirika moja, jina tunaliacha, vinatenganishwa na kiwanja cha mpira. Kuna kebo chini ya ardhi na kuna redio mbili za meshi juu ya nguzo kama akiba. Kebo ilikatika wakati wa mvua, redio zikafanya kazi vizuri wiki nzima. Kebo ikatengenezwa, na ofisi ikamwomba kijana mmoja wetu airudishe kwenye tundu lake. Akairudisha. Baada ya dakika chache kila kitu kikafa, pande zote mbili. Wanafunzi waliokuwa kwenye mtihani wa mtandaoni wakapoteza, watu waliokuwa wanasubiri barua pepe za miadi ya mahojiano wakakaa siku mbili bila kujua kama wameitwa. Kisha sanduku la vifaa likafungwa kufuli na karatasi ikabandikwa mlangoni, vijana wasiguse.

Sisi hatukubaliani na karatasi ile mpaka leo. Kijana yule alifanya alichoombwa, tena sawasawa. Zilizokosekana ni vitu viwili: swichi ya pale ofisini ilikuwa ya aina isiyo na STP kabisa, na hakuna mtu aliyekuwa amechora mtandao ule kwenye karatasi. Kufuli haliondoi kitanzi. Siku mtu mwenye ufunguo akichomeka kebo ileile, matokeo ni yaleyale.

Kwa hiyo likiwapata, fanyeni hivi. Msizime vyote na kuwasha vyote kwa mpigo. Kitanzi kitawaka pamoja navyo. Tazameni taa kwanza. Kama za matundu yote zinadunda pamoja, kwa mwendo mmoja, shukuni kitanzi. Kama mnatumia Linux na ping bado inapenya, neno DUP likitokea kwenye majibu linaonyesha ujumbe unarudi zaidi ya mara moja, na ni dalili nzuri. Halafu chomoeni kebo moja tu, ile inayounganisha swichi na swichi au swichi na redio, na msubiri dakika nzima. Watu wengi wanashindwa hapo kwenye kusubiri: wanachomoa, wanahesabu mpaka kumi, wanasema sio hii, wanarudisha. Kumbe swichi ya kizamani inahitaji zile sekunde 50. Mtandao ukitulia, duara linapita kwenye kebo hiyo. Usipotulia, irudisheni, mwende inayofuata. Zikiisha kebo, zimeni redio moja.

Angalieni pia vitu vidogo. Kebo fupi ambayo mtu aliona inaning'inia akaichomeka ncha zote mbili kwenye swichi moja. Simu ya mezani yenye matundu mawili. Kompyuta mpakato iliyo kwenye kebo na wifi kwa wakati mmoja huku imeunganisha hizo mbili. Kama shida inakuja na kwenda, hasa upepo au mvua ikianza, msiulaumu waya. Salamu zinapotea kwenye redio na njia iliyolala inaamka.

Na kama swichi zenu zina STP, mteue kiongozi nyinyi wenyewe. Zote zinatoka kiwandani na namba ileile, 32768, na zikilingana zinaangalia anwani iliyochongwa kiwandani, ndogo ndiyo inashinda. Mara nyingi anayeshinda ni kisanduku kikuukuu kuliko vyote, kile kilichosahaulika nyuma ya kabati. Mpeni 4096 yule mwenye nguvu na umeme wa uhakika.

Sisi mchoro wetu tumeshauchora kwenye boksi la biskuti na kuubandika ndani ya banda: kila kebo, kila tundu, kila redio, na alama ya kalamu nyekundu kwenye njia inayopaswa kulala. Nakala moja tuliipeleka ofisini. Walioko kwenye kambi nyingine wakitaka tuwapigie picha waone tulivyouchora, waandike hapo chini.